Oili ya Siku za Kukaa

Duka la vipuri, Ganjoni, saa nne za asubuhi.
Nimeshika kitabu cha mashine kilichokwisha jalada,
na chupa kumi na moja kwenye rafu zinanitazama
kama wachumba, kila mmoja na sifa zake kifuani.

Nataka oili, nasema.
Ya nini? Ya boti.
Boti ya kazi? Ya kujifurahisha.
Zumra, binti wa duka, anainua unyusi mmoja.
Wa kujifurahisha ni sisi tu,
makarani wanne wa mizani ya bandari
tuliochanga miaka sita, tukanunua boti ya faiba,
futi ishirini na moja,
tukaiita *Siendi Mbali*.

Msimu wa kwanza tuliipa oili ya gari.
Kadenge alikuwa na dumu lililobaki la pikapu yake,
na sisi watu wa hesabu: kilichopo hakinunuliwi.
Chini ya daraja la Nyali mashine ikakohoa,
ikapiga chafya, ikanyamaza,
nasi tukachukuliwa na maji, polepole, na biskuti zetu,
daraja zima likitutazama.
Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia
kilitoka na rangi ya chai ya maziwa.
"Chai nzuri," akasema. "Ila si humu."

Zumra hana haraka. Anadondosha tone kwenye kidole gumba,
analisugua na cha shahada, ananusa.
"Gari hupanda mlima, hushuka, hupumua.
Boti inapanda tangu kutoka hadi kurudi,
na mlima wenyewe ni maji."
Naliandika hilo nyuma ya risiti ya mkate.

Na hizi namba? Kumi kwa thelathini,
ishirini na tano kwa arubaini,
na herufi iliyokaa katikati kama msuluhishi?
Hiyo ni ya baridi, anasema,
ya nchi ambazo oili huganda alfajiri.
Nacheka. Baridi yetu ni ya mwezi wa saba, ya shuka moja.
"Basi soma kitabu chako. Usisikilize kijiwe."

Kijiwe ndicho kilichonituma.
Kadenge kasema nzito, kama uji wa mgonjwa.
Mwachofi kasema nyepesi, itembee.
Mwengine kasema ya pikipiki yatosha;
huyo hata boti hana.

Kisha anauliza: "Mnaitoa mara ngapi?"

Nanyamaza.
Tangu Mwidani atuache, miezi minane,
boti iko Tudor juu ya magogo, imefunikwa turubai.
Hakuna aliyethubutu kushika funguo,
maana zilikuwa zikikaa mfukoni mwake
pamoja na tasbihi na karanga.

Hatoi pole ndefu.
Anainama rafu ya chini, anatoa chupa ya buluu, bei ya kuumiza.
"Hii ina dawa ya kutu. Watu hudhani oili ni ya mwendo.
Kazi yake kubwa ni siku ambazo hamji:
kukishika chuma, usiku baada ya usiku,
chumvi isikiguse, mpaka mje."

Nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Mimi, mtu wa mizani!
Lita tano, na filta.

Jumamosi tukafunua turubai, watatu.
Oili kuukuu ikatoka nyeusi, taratibu,
kama mpangaji asiyetaka kuhama.
Mpya ikaingia. Kijiti kikatumbukizwa, kikafutwa, kikatumbukizwa tena:
rangi ya asali, kati ya alama mbili.
Mwachofi akashika mpira wa maji, mashine ipate kunywa.
Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kwikwi.
Ya tatu ikaitika.

Hatukwenda popote.
Tulisimama tu pale, moshi ukitupita,
kila mmoja akijifanya anasikiliza injini.

Funguo nikazitia mfukoni mwangu.
Kesho nitanunua karanga.